Mashini ya okazio inakataa Windows katikati ya kuinstale, naombeni musaada, mudogo wangu anapaswa kudepoze memware

Katindo_moja
Bakubwa na bandugu, salamu kwenu wote. Niko Goma, Katindo. Nilinunua mashini ya okazio ku Birere juu ya mudogo wangu wa kike, anamaliza masomo na anapaswa kudepoze memware yake mwisho wa mwezi. Ni HP EliteBook 840 G3, i5 ya jenerasio ya 6, rami giga 8 (bareti mbili za 4), disiki SSD ya giga 256, klavye ni ya Wajerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi lakini hiyo tutazoea. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, Windows 10 ikafunguka vizuri, nikalipa dola 170, nikarudi nyumbani na furaha yote. Kufika nikaona iko nzito, imejaa programu za mutu mwingine, nikasema wacha niformate niweke Windows 10 mupya safi. Hapo njo shida ilianza.
Inakubali kuanza, nafuta mapartisio yote, inaanza kukopia mafishie, ikifika 42% inasimama na kuandika 0x80070570. Nikarudia, 42% tena. Nikarudia mara ya tatu, 42%. Mara ya ine ikafika 17% tu, ekra ikageuka bulu, MEMORY_MANAGEMENT, ikaredemare yenyewe. Sasa mashini haina sistemu hata moja, na mudogo wangu anaandika memware yake ku telefone. Flashi ni ya giga 32, iko muzuri kabisa, mwezi uliopita niliinstalia binamu yangu sistemu na ile flashi bila shida. Nimechoka, naombeni mawazo.

Lushi_teknik
Pole ndugu. Mi niko huku Lubumbashi, bintu kama hivi tunaviona sana. Angalia kama disiki iko MBR ao GPT, ni namna mbili za kugawa disiki, ya zamani na ya mupya. Mashini ikidemare kwa UEFI (namna ya mupya ya kuwaka), Windows inakubali paka GPT. Kwenye ile ekra ya kuinstale fanya shift+F10, andika diskpart, kisha list disk, kisha select disk 0, kisha clean, kisha convert gpt. Angalisho moja: ukichagua klavye ya Wamarekani pale mwanzo na ya kwako ni AZERTY, A inatoka Q, utaandika cleqn mara kumi na itakataa mara kumi. Na ile yako ya Wajerumani itakusumbua tu kwenye Z na Y.

Katindo_moja
Asanti mukubwa. Lakini haikuniandikia kitu juu ya MBR. Inakubali disiki, inaformate, inaanza kukopia. Inakufia katikati.

fundi_Kadutu
Mudogo, usifanye clean kwanza. Wewe hauna kitu cha kupoteza tena, lakini nasema juu ya bale wengine watakaosoma hapa: clean inafuta disiki yote bila kukuuliza mara mbili, na kwenye mashini yenye disiki mbili ukikosea namba umepoteza mapicha ya harusi ya watu. Ile ya Lushi ni dawa ya kweli, ila ni ya ugonjwa mwingine. Ugonjwa wa MBR na GPT unakataa mulangoni, pale unapochagua disiki. Wewe uliisha ingia ndani ya nyumba.
Niko Bukavu, natengeneza mashini tangu miaka 11, wacha nikuambie namna naona. 0x80070570 inasema fishie yenye nilisoma imeharibika. Haisemi nani aliiharibu. Kuna batu bane bako na uwezo wa kuiharibu: yule aliyeitelesharje (intaneti ilikatika, ISO, ile fishie moja yenye kubeba Windows yote, ikabaki nusu), flashi, rami, na disiki. Sasa angalia ulichoandika wewe mwenyewe: 42, 42, 42, halafu 17 na ekra ya bulu. Kitu kinachokufa mahali pamoja kila mara, shida iko kwenye fishie ao kwenye flashi, juu zile fishie zinalala mahali pamoja pale pale. Kitu kinachokufa leo hapa kesho pale, shida iko mu rami, ao joto, ao umeme. Wewe uko na zote mbili. Mi naona magonjwa mbili mu mwili moja, njo maana unazunguka, ukitibu moja ingine inakuambia haujatibu kitu.
Nijibu hizi: ile ISO ina giga ngapi, uliitelesharje wapi, flashi ulinunua wapi kwa bei gani, na ile sistemu ya binamu yako ilikuwa gani?

Katindo_moja
ISO ina giga 5 na kitu, nilipewa na rafiki ku disiki yake, yeye aliinstale nayo mara mingi. Flashi nilinunua kwa mutu wa kutembeza, dola 4. Sistemu ya binamu ilikuwa Linux moja ndogo, giga 2 hivi, mashini yake ni ya zamani sana.

fundi_Kadutu
Umejijibu mwenyewe. Giga 32 kwa dola 4 kwa mutu wa kutembeza, mudogo wangu, hiyo ni flashi ya uongo. Ndani kuna chipu ya giga 4 labda 8, wamebadilisha tu maandishi yake ili ijitaje 32. Inakudanganya vizuri: unakopia, inaonyesha majina yote ya mafishie, ukubwa wote, lakini yale yaliyopita kipimo chake cha kweli yameandikwa mu hewa. Sistemu ya binamu ilikuwa giga 2, ikaingia yote ndani ya ile sehemu ya kweli, njo maana ilikubali. Windows ya giga 5 imepita mupaka. Ile 42% yako njo pale ukuta uko.
Tafuta programu H2testw, inajaza flashi yote kisha inasoma tena kila kitu na kulinganisha. Kwa Linux tumia F3. Itachukua masaa kama flashi ni ya pole pole, wacha ifanye. Na ile ISO kwenye mashini ya rafiki andika certutil -hashfile jina-la-fishie SHA256, linganisha ile namba ndefu na ya kwenye ukurasa ambako ilitoka, ikitofautiana hata herufi moja itupe.

Sekretaria_Himbi
Salamu kwenu. Nafuatilia juu niko na sekretaria, ofisi ya kuprinte, hapa Himbi, wanafunzi wananiletea flashi kama hizo kila siku, mutoto analia memware yake inafunguka na alama za ajabu ajabu, ananiambia mama nilikopia mwenyewe nikaona jina iko pale. Jina iko, ndani hakuna kitu. Katindo, mwambie dada yako leo hii atume ile kazi yake ku email yake mwenyewe, kila jioni, kabla hata haujashika turunevisi. Mashini inaweza kungoja lakini kurasa 60 mutu haandiki mara mbili.

Katindo_moja
Asanti yaya, amefanya.
Nimerudi na majibu. H2testw ilizunguka usiku wote, mupaka umeme ikakatika saa nane, nikaanza tena asubui. Jibu: ya kweli ni giga 3.7, zingine zote mbaya. Nimeumia moyo kweli, juu na ile flashi nilibebea hadi mapicha ya mama yetu. SHA256 ya ISO iko sawa, herufi kwa herufi.
Nilinunua flashi ingine kwa duka la kueleweka, dola 9, nikaitesta kwanza, iko sawa. Nikarudia kuinstale. 42% ikapita!! Nikapiga makofi. Ikafika 80, ekra ya bulu. Nikarudia, 55, ekra ya bulu. Mukubwa ulisema magonjwa mbili.

fundi_Kadutu
Sasa rami. Zima mashini, bonyeza Esc mara mingi wakati wa kuwasha, itakuletea menyu: F2 ni vipimo vya HP vyenyewe, F9 kuchagua flashi, F10 ni BIOS (mapangilio ya mashini yenyewe, mbele ya Windows). Ingia F2, chagua memware ya mashini (rami), fanya kile kipimo kirefu, apana kile cha dakika mbili. Kama F2 haina kitu, chukua Memtest86+, programu ya kupima rami, ni ndogo sana, haitakula mega zako, iweke ku flashi, zima Secure Boot (kinga yenye kukataa programu isiyoijua wakati wa kuwaka) mu BIOS kwanza.
Lakini usipime bareti zote mbili pamoja. Fungua mufuniko wa chini, toa waya ya bateri kwanza, usiguse kitu kabla ya hapo. Acha bareti moja, pima. Kisha ingine kwenye nafasi ile ile, pima. Ile itakayopita, ihamishe kwenye nafasi ya pili, pima tena, juu inawezekana bareti ni muzima na kiti chake njo kimekufa. Kabla ya kuihukumu bareti pitisha gome ya kufutia kalamu kwenye yale meno yake ya dhahabu, pole pole, futa na kitambaa kikavu, rudisha. Mashini zilizokaa mu kontena na mu depo miezi, yale meno yanashika uchafu.

Ruashi_4
Mi ningeacha tu Windows, weka Linux Mint, shida zote zinaisha.

fundi_Kadutu
Ndugu Ruashi, napenda Mint, iko ku mashini yangu. Lakini rami iliyokufa haijui jina la sistemu. Ungeweka Mint ingekubali kuingia leo, na wiki mbili baadaye dokima ya yule mutoto inaharibika pole pole bila ekra ya bulu hata moja. Hiyo ni mbaya kuliko kukataa. Kwanza mwili upone.

Katindo_moja
Bakubwa. Bareti ya kwanza: makosa ndani ya dakika moja, ekra yote nyekundu. Nikapitisha gome, nikarudisha, makosa tena. Bareti ya pili: imepita usiku wote kwenye nafasi ya kwanza, na kwenye nafasi ya pili pia, hata kosa moja. Na nimeona kitu: ile mbaya haifanane na ingine, etiketi yake imekwanguliwa, mutu aliiongeza baadaye ili iandikwe giga 8.
Nikaacha ile nzima peke yake, giga 4. Windows ikainstale dakika 20 bila kusimama. Haikuniuliza hata ufunguo.

Lushi_teknik
Ufunguo uko ndani ya BIOS, mashini zilizotoka na Windows 8 kupanda zinaubeba zenyewe, ukiweka aina ile ile inautambua. Felisitasio!
Ila jua Windows 10 iliisha tarehe 14/10/2025, kuna mizajuru ya usalama ya kuongezewa mupaka 13/10/2026, unajiandikisha na konti ya Microsoft, ukikubali isev mapangilio yako haulipi, ao unalipa dola 30. Kisha hapo basi. Windows 11 haitaikubali rasmi, inataka Intel ya jenerasio ya 8 kupanda, yako ni ya 6.

Katindo_moja
Asanti Lushi, lakini furaha imekatika. Nimeunganisha wifi ili nimalize, badala ya kuniuliza jina, ekra imeandika karibu kwa kampuni fulani ya Ujerumani, inataka email na modepasi ya kazi ya hiyo kampuni. Jina sitaliweka hapa. Hakuna mahali pa kuruka. Nimeformate tena, inarudi ile ile. Hii ni virusi? Ao nimenunua mashini ya kuiba? Sijalala juu ya hii, nawaza mudogo wangu akikamatwa nayo.

fundi_Kadutu
Tulia. Si virusi. Inaitwa Autopilot. Kampuni ikinunua mashini inaandikisha alama za mashini yenyewe kwa Microsoft, na kila mara Windows mupya ikikutana na intaneti inauliza kule, niko wa nani, na inajibiwa uko wa fulani. Disiki mupya haisaidii, kuformate haisaidii, juu haiko kwenye disiki. Ni ile kampuni tu njo inaweza kuitoa kwenye orodha yake.
Inaweza kuwa ya kuiba, siwezi kukudanganya. Lakini mara mingi ni hivi: kampuni ilibadilisha mashini zote, ikauzia wale wanaonunua kwa jumla, na mutu wa kompyuta alisahau kuzifuta kwenye orodha. Watakuambia hapa kuna njia za kupita bila wifi. Ziko. Sitaziandika, juu haujui bado mashini ni ya nani, na pia hata ukipita, siku yule mutoto ataformate tena mlango utafungwa tena.
Fanya vitu viwili. Rudi kwa muuzaji na picha ya ile ekra na ile bareti mbaya, muulize risiti ya kontena. Na andika ile kampuni, kwenye tovuti yao kuna anwani, kwa Kiingereza kifupi: nilinunua mashini hii ya okazio huku Kongo, namba yake ya seri ni hii, picha ni hizi, kama ni yenu na iliibiwa niambieni, kama muliiuza naomba muitoe kwenye Autopilot. Ile namba ya seri usiiweke hapa mbele ya watu.

Sekretaria_Himbi
Na mutoto anafanya nini akingoja? Mwezi unaisha.

fundi_Kadutu
Hapo sasa Ruashi yuko na haki. Mint, mama. Hata bila kuigusa disiki: unaiweka ku flashi, unademare nayo, unaandika. Haihusiane na Autopilot. Mint 22 inapata mizajuru mupaka 2029, na giga 4 za rami zinaitosha.

Ruashi_4
Asanti mukubwa. Na pale mwanzo nilijibu haraka sana, samahani Katindo. Ukichoma Mint ku flashi, mbele ya kuinstale jaribu wifi, sauti, mwanga wa ekra, na fungua programu ya disiki uangalie SMART (ripoti ya afya ya disiki) ya ile SSD. Kama iko na sekta zinazongoja ama zilizohamishwa na namba inapanda kila siku, disiki inakufa, usiwekee kazi ya mutu pale. Na ukiona tarehe imerudi nyuma miaka kila ukiitoa umeme, kabateri kadogo ka saa kamekufa, kurasa zitakataa kufunguka zikisema sertifika si ya kweli. Watu wanalaumu koneksio siku nzima kumbe ni tarehe.

Katindo_moja
Ruashi usijali kabisa, umenisaidia. Ile ya tarehe njo ilikuwa pia hapa!! Mashini ilisema ni 2016. Nikaweka tarehe kwa mukono mu BIOS, kurasa zikafunguka. SSD iko sawa, hakuna sekta mbaya.
Mudogo wangu anaandika ku Mint tangu jana. Direktere wake anamutumia fishie za Word na maneno pembeni, LibreOffice, programu ya kuandika ya Mint, inayaonyesha yote na anajibu pale pale. Ila kurasa zimeruka kidogo, meza moja imeshuka chini, na namba za kurasa zimebadilika.

Sekretaria_Himbi
Ni aina ya maandishi (font), apana mashini. Word inatumia Calibri na Times New Roman, Mint haina zile, inaweka zingine karibu sawa. Muweke paketi ya maandishi ya Microsoft, inaitwa ttf-mscorefonts-installer, Times na Arial zitarudi, Calibri hapana, kwa hiyo aandike yote kwa Times, na memware nyingi wanaitaka hivyo. Akimaliza asilete fishie ya kubadilika, alete PDF. Nimeona watoto wanaprinte kurasa 80 kwenye mashini ya watu, meza zote zimehama, analipa mara mbili. PDF haihami.

Katindo_moja
Yaya Mungu akubariki. Tumefanya, kurasa zimerudi mahali.
Muuzaji: mwanzo alisema garanti yake ni kuwasha tu, na niliiwasha. Sikupiga kelele, nilimuonyesha picha ya ekra nyekundu na ile bareti ya kukwanguliwa, nikamwambia nakuja na batu wengi kununua kwako ao sitakuja tena. Amenipa bareti ingine ya 4, nimeongeza dola 5, nimeipima mbele yake na Memtest ku flashi yangu. Risiti ya kontena hana, amesema ananunua kwa mutu mwingine anayetoa Dubai. Email nimetuma.

Lushi_teknik
Hapo kwa kununua wacha niongeze, mi ninapoteza wateja juu ya hii kila mwezi. Mbele ya kutoa feza bonyeza F10. Ikiuliza modepasi ya BIOS na muuzaji haijui, acha mashini pale, hata ingekuwa dola 60. Batu batakuambia toa kabateri ka saa itasahau. Kwa hizi za kazi, EliteBook, Latitude, ThinkPad, modepasi iko mu chipu yake, kabateri haifanyi kitu. Na beba flashi yako ya Mint, idemare pale pale kwa muuzaji. Anayekataa flashi yako, nawe umukatalie feza yako.

Katindo_moja
Siku sita zimepita. Wamejibu!! Mutu wa kompyuta wa ile kampuni ameandika kwa upole sana, amesema ile seri ilikuwa mu kundi la mashini waliyouza rasmi, walisahau kuifuta, ameitoa, ningoje siku moja. Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani. Si ya kuiba. Usingizi umerudi.

fundi_Kadutu
Umefanya kama mutu mukubwa. Sasa unaweza kurudisha Windows ukitaka. Usisahau bateri: ya okazio mara mingi inashika dakika 30, usianze kuinstale wakati umeme inacheza, na mizajuru ya BIOS kamwe usiifanye bila bateri ya kweli ndani, ikikatika katikati mashini inakufa kabisa.

Katindo_moja
Nimemuuliza mwenyewe, amesema ngoja nidepoze kwanza, usiniguse mashini. Kwa hiyo Mint inabaki.
Amedepoze leo saa ine asubui. Kurasa 74, PDF, kwa yaya wa Himbi, hata meza moja haikuhama.

Sekretaria_Himbi
Nimemuona, amechoka lakini anacheka. Nimeandika 74 kwa daftari yangu.

Ndosho_mupya
Salamu, nimesoma uzi wote. Mimi pia nilinunua flashi kwa yule wa kutembeza, ya 64, na nimeweka kazi yangu yote pale. Sina kompyuta ya kupimia. Nifanye nini?

Katindo_moja
Usiandike kitu kingine juu yake tangu sasa. Niko nyumbani jumamosi asubui, andika ujumbe wa ndani nikuelekeze, lete na flashi ingine nzima. Tutatoa kwanza yenye bado inafunguka, kisha njo tuipime.